Ni Mafuta Tu

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni yale madini laini ya kijivu, mazito kuliko yanavyoonekana, na risasi pia ni kile kitokacho mdomoni mwa bunduki. Neno tulilipata kwa Waarabu, na kwao nako linabeba maana zote mbili. Sasa jaribu kumweleza Mswahili kwamba kuna watu wanakaa nyumbani kwao wakiyeyusha risasi ili watengeneze risasi, halafu wanazipaka mafuta kabla ya kuzitumia. Utajikuta unasema neno lilelile mara mbili na kumwachia mwenyewe atenganishe.

Watu hao wapo. Mmoja ni rafiki yangu, mzaliwa wa Pangani, ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi Pennsylvania, Marekani. Ana bunduki mbili, zote za kushindiliwa kwa mdomo, yaani magobori kwa lugha ya wazee wetu. Moja ni ya gumegume, ya kuwindia kulungu. Ya pili ni ya fataki, ya kulengea shabaha, nayo ni nakala ya Enfield ya mwaka 1853. Hii ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa hiyo msomaji niwie radhi nikianza na sufuria na nta kabla ya kufika kwenye mambo ya maadili.

Shughuli yake ina sehemu mbili. Risasi haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 327 za Selsiasi, na hiyo anaifanyia nje, penye upepo, watoto wakiwa mbali, kwa sababu ni sumu, na mikono lazima ioshwe vizuri kabla ya kugusa chakula. Anaimimina kwenye kalibu, inatoka ikiwa na umbo la kidole gumba, chini ina shimo, na ubavuni ina mikato miwili au mitatu inayoizunguka. Halafu inakuja sehemu ya mafuta, ambayo ni ya utulivu zaidi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Anaitia kwenye kopo, kopo analisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala haliweki juu ya moto wenyewe. Nta ikishakuwa maji anaongeza mafuta laini: ya zeituni, au samli, au mafuta ya mnyama. Risasi anazipanga wima kwenye sinia kama askari wa gwaride, anamwaga mchanganyiko mpaka ufunike ile mikato, anaacha upoe. Kesho yake anazichomoa moja moja, kila moja imebeba mkanda wake wa mafuta kiunoni.

Kwa nini ahangaike hivyo? Jibu liko kwenye baruti. Baruti nyeusi ya kizamani ni shura, makaa na kiberiti, kwa kipimo cha kawaida 75, 15 na 10 katika mia. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hubaki kama masizi na chumvi, na mengi hung'ang'ania ndani ya mtutu. Bila mafuta, masizi hayo hukauka na kuwa magumu, na baada ya kupiga mara chache unakuta mdeki hauingii, risasi imekwama katikati, na mwenye bunduki anatokwa na jasho. Mafuta huyafanya masizi yabaki laini, ili kila risasi mpya iyasukume yale yaliyoachwa na mwenzake. Pia huizuia risasi isijipake kwenye mifereji ya mtutu. Wazoefu huyakwepa mafuta ya mashine yatokanayo na petroli, kwa sababu yakikutana na baruti nyeusi huacha uchafu kama lami. Wanataka kitu kilichotoka kwa nyuki, kwenye mti, au kwenye mwili wa mnyama.

Bunduki ile ya gumegume haina mambo mengi. Risasi yake ni goroli, inafungwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta, basi. Wapo wanaokitia kitambaa mdomoni kikalowa mate, wakaendelea. Huo mdomo tutaukuta tena mbele.

Gobori la kwetu lilikuwa jambo jingine kabisa. Mtutu wake ulikuwa laini ndani, hauna mifereji, na goroli lake lilicheza humo bila kubana. Halikuhitaji nta wala samli. Na haikuwa bahati tu kwamba bunduki za namna hiyo zilibaki mikononi mwa watu wa bara letu: Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotiwa saini kwa jina la kuzuia biashara ya watumwa, ulikataza silaha kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Wakubwa wa dunia walikaa mezani wakaamua Mwafrika apige risasi ya aina gani. Hayo yanastahili makala yake peke yake. Nimeyataja ili ieleweke kwa nini kwetu hakukuwahi kuzuka kisa kama hiki ninachokwenda kukisimulia. Mafuta ni tatizo la mwenye bunduki yenye mifereji.

Bibi yangu, Tanga, hakuwahi kushika bunduki. Lakini alikuwa na swali moja ambalo wenye maduka wa mtaani kwetu walilijua vizuri. Akishika kopo, sabuni, hata biskuti za wageni, alikuwa akiuliza, "Mwanangu, haya mafuta ya nini?" Herufi za Kizungu hakuzisoma, za Kiarabu alizisoma, kwa hiyo ilimlazimu amwamini mtu. Muuza duka mmoja kijana, tena mwenye haraka, alimjibu siku moja, "Ni mafuta tu, bibi." Akalirudisha kopo mezani taratibu. Njiani akaniambia, "Mafuta tu hayapo. Yametoka kwa kitu."

Sentensi hiyo ina falsafa nzima ndani yake, na sijui kitabu kilichoisema kwa ufupi zaidi. Mafuta yakishayeyushwa na kuchujwa hayana uso. Ya ng'ombe, ya kondoo, ya nguruwe, yote yanaganda meupe. Mnyama ametoweka na imebaki huduma tu: kulainisha, kukaanga, kutoa povu. Mtu wa kiwandani anaona huduma. Bibi alikuwa anamtafuta mnyama.

Wanazuoni wa Kiislamu wameligombania jambo hili kwa karne nyingi, tena kwa makini ambayo wasio Waislamu hudhani ni ya kupita kiasi. Je, kitu najisi kikibadilika kabisa kikawa kitu kingine, najisi yake inaondoka? Wafuasi wa Imam Abu Hanifa, ambao ndio wengi kule India, wana upana zaidi hapa, husema kikibadilika kweli kimekuwa kingine. Sisi wa Pwani, watu wa Imam Shafi, mlango wetu ni mwembamba: pombe ikigeuka siki yenyewe, sawa, ngozi ya mzoga ikidibaghiwa, sawa, ila ya mbwa na nguruwe hapana. Na aliyeguswa na nguruwe akiwa majimaji ataosha mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini angalia, hata kwa wale wenye upana, mafuta yaliyoyeyushwa yakapakwa kwenye karatasi hayajabadilika kuwa kingine. Ni mafuta yaleyale yaliyohama mahali.

Nikamuuliza rafiki yangu, wewe kopo lako lina nini? Akacheka. Kumbe naye ana kisa. Mzee mmoja, jirani yake wa uwanja wa shabaha, alimpa kopo la mafuta aliyoyatengeneza mwenyewe, zawadi, na kule zawadi ya namna hiyo ni heshima kama kupelekewa sahani ya futari na jirani. Rafiki yangu akashika kopo akiwa hajui aulizeje bila kumvunja mzee moyo. Mwishowe akauliza tu: ndani kuna nini? Mzee akafurahi! Akamweleza kwa dakika ishirini: nta kutoka kwa mfuga nyuki fulani, mafuta ya kondoo kutoka kwa mchinjaji fulani, kiasi gani wakati wa baridi na kiasi gani wakati wa joto. Kwake hilo swali halikuwa tusi. Mtu aliyepika mwenyewe hupenda kuulizwa amepika nini.

Swali la mafuta haya ni ya nini huwa rahisi pale mpishi na mtumiaji wanapoonana uso kwa uso, na huwa rahisi zaidi pale mpishi na mtumiaji ni mtu mmoja. Hugeuka kuwa la hatari pale chungu kinapochemkia mbali, kwa mkubwa, na anayetumia hana ruhusa ya kuuliza.

Ndipo tunapofika Bengal, na kwenye ile bunduki ambayo rafiki yangu ana nakala yake.

Mwaka 1857 sehemu kubwa ya India ilitawaliwa na kampuni ya biashara, East India Company, na jeshi lake la Bengal lilikuwa hasa la Wahindi wenyewe: Wahindu wengi wao wa matabaka ya juu, pamoja na Waislamu. Kampuni ikaamua kuwapa bunduki mpya ya Enfield. Baruti na risasi vilikuja vimefungwa pamoja kwenye pakiti ya karatasi, na upande wa risasi ulikuwa umechovywa kwenye mafuta. Kanuni ya gwaride ilisema: shika pakiti, ng'ata ncha yake, mimina baruti mtutuni, ingiza risasi na karatasi yake yenye mafuta, shindilia. Ng'ata. Mkono mmoja umeshika bunduki, kwa hiyo kazi ya mkono wa pili hufanywa na meno. Wahandisi wa Uingereza walitafuta njia ya haraka, wakaiona kwenye kinywa cha askari.

Mwezi Januari, huko Dum Dum karibu na Calcutta, askari mmoja wa Kibrahmini alikuwa anatembea na lota yake, chombo cha shaba cha kunywea maji. Kibarua mmoja wa ghala la silaha, mtu wa tabaka la chini, akamwomba maji. Askari akakataa, maana mtu yule angekitia najisi chombo chake. Kibarua akamjibu, kwa maana hii, kwamba tabaka lako hilo unalojivunia si la muda mrefu, muda si mwingi utazing'ata pakiti zilizopakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Askari akashtuka, akawaambia wenzake. Afisa mmoja Mwingereza akaiandika habari hiyo akaipeleka juu, na ndiyo maana tunaijua.

Ng'ombe kwa Mhindu ni mtukufu. Nguruwe kwa Mwislamu ni najisi. Mafuta ya hao wawili ndani ya chungu kimoja ni kama mtu amekaa akafikiri namna ya kuwakosea wote kwa mpigo. Je, ilikuwa kweli? Uchunguzi wa serikali yenyewe ulikiri kwamba hakuna tahadhari maalumu iliyochukuliwa kuhakikisha kwamba mafuta yale hayana kitu chenye kukatazwa. Yaani iliandikwa mafuta ya wanyama, mkandarasi akaleta mafuta ya wanyama. Hakuna aliyekula njama. Hakuna aliyeuliza, basi.

Mimi hilo linanikera kuliko njama. Njama ingalau inakiri kwamba wewe upo. Mtu anayepanga kukutia najisi amekufikiria, anajua kilicho kitakatifu kwako, ndiyo maana anakilenga. Yule asiyeuliza hakukufikiria hata kidogo. Mdomo wako kwake ni sehemu ya bunduki, kama mdeki na kama fataki.

Najua atakayesema: lakini kweli si ni mafuta tu? Je, mtu mzima wa karne ya kumi na tisa anaweza kufa, na kuua, kwa ajili ya ukoko wa mafuta kwenye karatasi? Swali hili huulizwa kwa sauti ya mtu mwenye akili akiwashangaa wajinga, na wapo wanaolirudia hata leo wakisimulia historia ile kama kichekesho. Jibu langu silichukui kwa wanazuoni. Nalichukua kwa waliosema hivyo wenyewe. Maasi yalipoanza kuzimwa, Brigedia James Neill aliamuru huko Kanpur kwamba waliokamatwa wasafishe damu kwenye nyumba walimouawa wanawake na watoto wa Kiingereza kabla ya kunyongwa, na wapo waliolazimishwa kuilamba, ili wafe wakijiona wametiwa najisi. William Howard Russell, mwandishi wa gazeti la The Times aliyekwenda India mwaka 1858, aliandika kwa kuchukizwa juu ya Waislamu walioshonewa ndani ya ngozi za nguruwe na kupakwa mafuta ya nguruwe kabla ya kuuawa.

Soma tena. Kupakwa mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo walijua! Wakati wa amani yalikuwa mafuta tu. Wakati wa kisasi yakawa silaha, na wakaitumia kwa ustadi, wakijua hasa inachoma wapi. Tangu nisome habari hizo, kila ninapomsikia mtu mwenye nguvu akimwambia mnyonge kwamba hilo unalolilia ni dogo, huwa namtazama mikono.

Lakini nisikimbie. Kuna sehemu ya kisa hiki inayoisumbua hoja yangu mwenyewe, nayo inarudi moja kwa moja kwenye kopo la nta.

Mara tu malalamiko yalipofika juu, wakubwa wa jeshi walitoa suluhisho ambalo mimi, kwa haya niliyoyasema, ningelishangilia. Jenerali Hearsey, aliyesimamia kambi ya Barrackpore, alipendekeza askari wapewe ruhusa ya kununua sokoni vitu wanavyovitaka na kuzipaka risasi mafuta wao wenyewe. Mwisho wa Januari serikali ikakubali. Nta na mafuta ya mimea, nta na samli, chochote watakacho. Mpishi na mtumiaji wawe mtu mmoja. Baadaye hata gwaride likabadilishwa, pakiti ichanwe kwa mkono badala ya kung'atwa. Bibi yangu angesema, haya, sasa tatizo liko wapi?

Haikusaidia. Shaka ikahama kutoka kwenye mafuta ikaingia kwenye karatasi: mbona karatasi hii inang'aa? Februari 26, huko Berhampore, kikosi cha 19 kikakataa kupokea vifaa vya gwaride. Machi 29 Mangal Pandey akawashambulia maafisa wake Barrackpore, akanyongwa Aprili 8. Aprili 24, huko Meerut, kanali mmoja aliwaita askari wapanda farasi 90 ili awaonyeshe ile njia mpya ya kuchana kwa mkono. Themanini na tano wakakataa hata kuzigusa. Na pakiti za siku hiyo, zingatia hili, hazikuwa zile mpya. Zilikuwa za aina ya zamani waliyokuwa wakiitumia siku zote. Wakahukumiwa kifungo na kazi ngumu, wengi wao miaka kumi. Mei 9 wakavuliwa sare mbele ya wenzao na kufungwa minyororo miguuni. Mei 10, Jumapili, wenzao wakavunja jela, wakaua maafisa, na usiku huo wakaelekea Delhi. Mwaka uliofuata kampuni ikanyang'anywa utawala wa India, ukaenda kwa Malkia.

Basi watu wa Meerut walikataa kitu ambacho, kwa ushahidi, kilikuwa safi. Je, walikosea?

Kwa upande wa ukweli wa mafuta, ndiyo. Lakini ruhusa ya kupika mwenyewe, ikitolewa na mtu yuleyule uliyeacha kumwamini, inasikika vipi? Inasikika kama kukiri. Kama mafuta yenu yalikuwa safi, mbona mnatuambia tutafute yetu? Na kama mmekubali haraka hivi kwenye mafuta, mmeficha nini kwenye karatasi, kwenye unga, kwenye chumvi? Mwaka uliotangulia kampuni ilikuwa imeumeza ufalme wa Awadh, kwao na askari wengi wa jeshi lile, na ilikuwa imetoa sheria kwamba kila askari mpya atakubali kupelekwa ng'ambo ya bahari, jambo ambalo kwa Mhindu wa tabaka la juu lilikuwa na najisi yake. Sufuria ya nta ilikuja imechelewa. Ingekuja mapema, kabla ya mtu kulazimika kuidai, ingekuwa kama kopo la yule mzee wa Pennsylvania. Ilipokuja baada ya kelele ilikuwa ni sufuria tu.

Hapa siwezi kujizuia kumkumbuka Kinjekitile, hasa yule wa Ebrahim Hussein katika tamthilia ya 1969, kuliko yule wa vitabu vya historia. Waliopigana vita vya Maji Maji waliamini kwamba maji yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Hayakuzigeuza. Kwenye tamthilia, mwishoni, Kinjekitile yuko mikononi mwa Wajerumani na anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anawaona watoto wa kesho watakaoambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Meerut ni kisa hicho kikiwa kimegeuzwa ndani nje. Wamatumbi na Wangoni waliamini kilichopakwa mwilini kingewaokoa na risasi. Watu wa Bengal waliamini kilichopakwa kwenye risasi kingewaangamiza roho. Wote wawili, ukilipima jambo maabara, wamekosea. Na wote wawili walikuwa na haki ya kukataa walichokikataa, kwa sababu walichokikataa hakikuwa maji wala mafuta. Hivi ndivyo ninavyoamini. Lakini nakiri kwamba ni imani ya hatari, maana mtu anaweza kuitumia kutetea uvumi wowote, na uvumi huua: wale wanawake na watoto wa Kanpur waliuawa kweli.

Kuna pingamizi jingine, na hili ndilo limenikalia kooni zaidi. Askari wa Bengal alikataa mafuta ya risasi, risasi yenyewe hakuikataa. Jeshi hilohilo lilikuwa limetoka kuiteka Punjab kwa ajili ya kampuni, miaka minane tu nyuma. Aliwapiga watu wa nchi za jirani, akapokea mshahara wake, akaoga, akasali, akajiona safi. Ni dhamiri gani hii inayochagua ukoko wa nta na kuruka maiti?

Nimeligeuza sana jambo hili na nimefika hapa: askari hakuulizwa kama anataka kuiteka Punjab. Hakukuwa na gwaride ambapo mtu alisimama mbele yake akiwa na vita mkononi akamwambia, shika, au kataa. Hiyo iliamuliwa Calcutta na London. Alichowekewa mbele ya uso wake, kikiwa kidogo kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, kilikuwa pakiti ya karatasi. Mtu hukataa pale anapoweza kufikia. Mwili wake ulikuwa wa kampuni kuanzia kofia hadi buti, ila kinywa aliamini bado ni chake. Hii haimsafishi na Punjab, ila kwangu mimi inaeleza kwa nini watu huanza kukataa kwenye mambo ambayo wengine huyaona ya kipuuzi: chakula cha jela, nywele kunyolewa, jina kuandikwa vibaya. Siyo kwamba hawaoni makubwa. Makubwa hayajawahi kuletwa mikononi mwao.

Rafiki yangu, nilipomsomea sehemu hii kwa simu, alikuwa na la kwake. Alisema mimi naongea kana kwamba usafi ni kitu kizuri siku zote, wakati kisa chenyewe kimeanza na mtu kunyimwa maji. Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndipo nilipokuwa naelekea kwa kusitasita.

Yule kibarua wa Dum Dum. Alifanya kazi kwenye ghala zinakotengenezwa pakiti, kwa hiyo kati ya watu wote wa kisa hiki yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na chungu cha mafuta. Alikijua kilichomo, au alijua kinachosemwa kuhusu kilichomo, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza. Mikono yake ilishika siku nzima kile ambacho wengine walikuwa tayari kufa wasikiguse, na hakuna jenerali aliyeandika barua kumwombea apewe samli. Usafi ambao askari aliutetea mbele ya Waingereza ni uleule alioutumia asubuhi ile kumzuilia lota mtu mwenye kiu. Lilikuwa jambo moja. Sifahamu namna ya kulipasua katikati ili nibaki na nusu ninayoipenda.

Na aliposema lile neno, alikuwa analipiza. Alimwambia askari: na wewe utang'ata. Labda alitaka kumwumiza tu. Labda alikuwa anamwambia kwamba mbele ya kampuni mimi na wewe ni midomo miwili, ya kazi moja. Wakubwa wa jeshi walisikia hatari ya kijeshi, askari wakasikia najisi, na telegramu zikaanza kwenda na kurudi kuhusu nta na mafuta.

Taarifa za wakati ule hazikumwandika jina. Baadaye sana waandishi wa Kidalit, watu wa matabaka yaliyokuwa yakinyimwa hata kisima, walimpa jina, Matadin, na wakamweka mbele ya Mangal Pandey katika orodha yao ya walioanzisha vita vile. Ripoti zenyewe za 1857 zinayafuata maneno yake kutoka kambi hadi kambi, nani aliyasikia, nani aliyarudia, yalifika Barrackpore lini. Ile kiu imetajwa mara moja, mwanzoni, ili kueleza walianzaje kuzungumza.